Alama za Kijani

Kila siku ya kazi, ikikaribia saa kumi na moja jioni, nilikuwa na kazi ambayo sikuruhusu mtu mwingine aiguse. Niliandaa darasa la mama. Nilifuta meza ya sebuleni kwa kitambaa chenye maji, nikasogeza pembeni mashine ya kushonea ya bibi, nikaweka kompyuta karibu na dirisha ambako mtandao ulishika vizuri. Waya wa chaji ulikuwa umelegea, kwa hiyo niliubana kwa kamusi. Kisha nilipanga daftari, kalamu mbili na glasi ya maji, nikakaa kwenye kiti cha mama kulisubiri darasa. Nuru ya jioni ilipita kwenye pazia la njano na kujaza chumba kizima, na hapo mawazo yangu yalikuwa yakiondoka bila hata kuniaga.

Nyumbani waliniita Kiwingu. Jina hilo alinipa bibi, mama yake mama, tuliyekuwa tukiishi naye. "Mke mwenzangu huyu," aliwaambia majirani, "mwili uko hapa unakula, akili iko juu inaelea." Nilikuwa na miaka kumi na miwili na wala sikukasirika. Kuelea kulinipendeza.

Mama alikuwa karani wa masijala mahakamani. Masijala ni chumba cha kutunzia majalada ya kesi, na cha kwao kilikuwa na rafu kutoka sakafuni hadi darini. Kwa miaka kumi na tisa alipokea majalada, akayagonga muhuri, akayapanga, akayatoa yalipohitajika. Alizijua taratibu za kesi kuliko baadhi ya mawakili waliokuja kumwuliza. Lakini karani haruhusiwi kumshauri mtu mambo ya sheria. Kulikuwa na mwanamke muuza mboga aliyekuja dirishani kila mwezi kuulizia kesi ya kiwanja chake. Kila mwezi mama aliliona kosa lile lile kwenye karatasi zake, na kila mwezi neno pekee aliloweza kumwambia ni, "Rudi tarehe kumi na nne." Jambo hilo lilimkaa rohoni.

"Siku moja nitavuka lile dirisha," alituambia. "Nitakaa upande wa kuwasemea watu."

Chuo cha sheria cha jioni kilikuwa kikipokea watu wazima walio kazini kwa mtihani maalumu, uliofanyika mara moja tu kila baada ya miaka miwili. Mama akajiandikisha. Ili ajiandae, akajiunga na darasa la mubashara la mtandaoni: watu ishirini na wanne, kila mmoja nyumbani kwake, wote mbele ya mwalimu mmoja ndani ya kioo. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani mizito, na kila baada ya sentensi mbili alisimama akauliza, "Mnanisikia? Mnanisikia?" Bibi ndiye aliyeanza kumwita Mwalimu Mnanisikia. Bibi aliamini kwamba watu wote wa darasani wanamwona, kwa hiyo hakupita mbele ya kompyuta bila kuvaa kilemba chake kizuri na kuwaamkia.

Darasa lilikuwa na sheria yake. Kila kipindi kilikuwa na maswali matatu ya mahudhurio. Yalijitokeza kwenye kioo kwa kushtukiza, na kila mwanafunzi alipewa dakika mbili kujibu. Ukijibu sawa, alama ya kijani inawaka kando ya jina lako. Ukikosea, inawaka nyekundu. Ukikosa kujibu maswali mawili kati ya matatu, unaandikwa hukuwepo. Na ukiandikwa hukuwepo mara nne, kiti chako anapewa mwingine, kwa maana nje ya mlango kulikuwa na orodha ndefu ya watu wanaosubiri.

Shida ya mama ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Siku hizo mahakimu walirudisha majalada yote kwa pamoja, na hakuna karani aliyetoka kabla ya jalada la mwisho kukaa kwenye rafu yake. Mama alifika nyumbani darasa likiwa limeshaenda nusu saa au zaidi.

"Wewe washa tu," aliniambia. "Swali likitokea liache lipite. Andika pale chini, 'Niko njiani.' Basi."

Nikawa nawasha, naandika "Niko njiani," kisha nasikiliza. Na nusu saa hiyo ya kwanza ya Jumanne na Alhamisi ndiyo iliyokuwa ya maswali ya kupanga, ambayo nayakumbuka mpaka leo.

"Watu watano wamekaa kwenye benchi moja lenye nafasi tano," alisoma Mwalimu Mnanisikia kwa sauti yake ya taratibu. "Mwashi, mkunga, mpiga picha, mfinyanzi na mpiga tarumbeta. Mkunga amekaa katikati. Mpiga tarumbeta amekaa pembeni kabisa. Mwashi na mpiga picha hawakai jirani. Mwashi anakaa jirani na mfinyanzi. Mnanisikia? Sasa, ikiwa mfinyanzi yuko nafasi ya tano, ni nani aliye kati ya mpiga tarumbeta na mkunga?"

Wanafunzi wengine waliona swali. Mimi niliwaona watu. Nilimwona mkunga amekaa katikati na mkoba wake magotini, tayari kuitwa upande wowote. Nilimwona mpiga tarumbeta amesukumwa pembeni kwa sababu ya kelele zake. Nikajiuliza mwashi na mpiga picha walikosana nini hata wasikae pamoja, nikapata jibu mwenyewe: mpiga picha alimpiga mwashi picha ya harusi akamkata kichwa. Mwashi akaona heri akae na mfinyanzi, maana wote wawili walishika udongo na walikuwa na mengi ya kuzungumza. Nilipowapanga hivyo kichwani mwangu, nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na mpiga picha akaenda kukaa hapo akiwa amenuna.

Niliishi na watu hao. Walinisindikiza shuleni asubuhi, wakiwa wamepanga mstari kando ya ukuta wa karakana, mmoja akikataa kutembea nyuma ya mwingine. Siku moja mwalimu wa hesabu aliniita ghafla, "Wewe uliye dirishani, jibu ni ngapi?" nami nikasimama nikasema, "Mkunga, mwalimu." Darasa zima lilicheka mpaka kengele ikagonga.

Ikafika Jumanne moja ambayo mama tayari alikuwa ameandikwa hukuwepo mara tatu. Nilijua hesabu hiyo, kwa sababu ilionekana kwenye kona ya kioo kwa maandishi madogo mekundu. Swali la kwanza likatokea, nikaliacha lipite. Mama hakuja. Nikachungulia dirishani, barabara ilikuwa imejaa watu wanaotoka kazini, yeye hayumo. Swali la pili likatokea, nalo lilikuwa la madaktari wanne na zamu zao. Dakika mbili zikaanza kuhesabika kurudi nyuma. Likipita hili, mama amekosa kiti.

Kidole changu kikabonyeza jibu.

Alama ya kijani ikawaka kando ya jina la mama. Mwalimu akasoma orodha ya waliopata, akalitaja jina lake, akasema, "Vizuri sana." Nilihisi joto zuri likinipanda kifuani, na kwa kweli, kwa muda mfupi, niliamini kwamba mimi ndiye mama.

Mama aliingia akihema, viatu mkononi. "Yametoka mangapi?"

"Moja tu," nilisema. "Leo yamechelewa."

Ulikuwa uongo mdogo, mwepesi, na ulitoka bila kukwama. Mama alishusha pumzi, akakaa, akavaa miwani. Swali la tatu lilipokuja alilijibu mwenyewe, akapata nyekundu.

Ningeishia hapo, labda ningesamehewa upesi. Lakini Alhamisi yake nilijibu maswali mawili, na la kwanza kati ya hayo halikuwa na haraka yoyote. Nililijibu kwa sababu nililipenda. Jumanne iliyofuata hivyo hivyo, na Alhamisi yake. Bibi alikuwa akishona kando yangu, akiniona nabonyeza, lakini kwake kompyuta yote ilikuwa kubonyeza. Jioni saba zikapita namna hiyo, chumba kikiwa na nuru ya njano, mashine ya bibi ikisaga taratibu, na mimi nikiwa mwanafunzi bora wa chuo cha sheria ambaye hakuna aliyemjua.

Siku ya nane mama alipokea ujumbe. Aliusoma amesimama jikoni, akausoma tena, kisha akamshika bibi mabega akamzungusha.

"Mama, nimeiva! Maswali ya kupanga nimepata asilimia themanini na moja. Wananipandisha kundi la kasi!"

"Ninyi watu wa kasi, mtanivunja kiuno," bibi alisema, lakini alikuwa anacheka.

"Na mimi nilidhani hayo ndiyo yanayonishinda," mama alisema. Alikuwa akijibu maswali ya kila aina kila wiki, wala hakukumbuka yapi yalikuwa ya kupanga. Akanitazama. "Kiwingu, unasikia?"

Nilisema nasikia. Nilikuwa nikiangalia pazia.

Kundi la kasi halikufundishwa kupanga. Ilichukuliwa kwamba kila aliyemo anajua. Walipewa maswali ishirini kwa nusu saa, mfululizo, na kipindi chao kilianza saa kumi na mbili, mama akiwa ameshafika. Kwa hiyo mimi nilikaa sofani na yeye akakaa kwenye kiti chake, na sasa nikaanza kuona kilichokuwa kikitokea. Mama alisoma swali, akachora mstari, akaufuta. Akachora tena. Wakati ukaisha. Siku ya kwanza alipata maswali matatu. Siku ya pili alipata mawili. Siku ya tatu alizima kamera yake ili wenzake wasimwone uso.

Wiki moja tu nyuma alikuwa akitembea kwa mwendo wa mtu mwenye habari njema. Sasa alikaa mezani baada ya kipindi, mikono imelala juu ya daftari, akitazama nje mahali pasipo na kitu.

Jioni ya tano alimfuata bibi jikoni. Mlango ulikuwa wazi nami nilikuwa nakunja nguo sebuleni.

"Mama, nimeamua kujitoa," alisema. "Barua nitaandika kesho kazini, niipeleke chuoni nikitoka. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa kwenye mtihani."

Bibi aliacha kumenya alichokuwa anamenya. "Kujitoa kwa nini, mwanangu?"

"Kuna kitu kichwani mwangu hakiko sawa. Mwezi uliopita mambo haya nilikuwa nayaweza, alama zenyewe zipo. Sasa siyawezi hata moja. Ningekuwa sikuyajua tangu mwanzo, ningesema nitajifunza. Lakini kuyajua halafu yakatoweka?" Sauti yake ikapungua. "Naogopa, mama. Nina miaka thelathini na tisa tu."

Nilisimama pale nimeshika shati la mama ambalo nilikuwa nimelikunja nusu. Nilitamani kuelea kama kawaida, niende kwa mkunga na mfinyanzi, lakini sikuweza kuwaona. Nilimwona mama tu. Nilijua kichwa chake hakina ubovu wowote. Hakuwa amesahau maswali hayo. Hakuwahi kufundishwa, kwa sababu kila yalipofundishwa yeye alikuwa njiani na mimi nilikuwa kwenye kiti chake. Nilifungua mdomo. Nikaona aibu, nikaufunga. Aibu ile naiona mbaya hata leo, kwa sababu mama alikwenda kulala akiamini anaharibikiwa akili, na mimi nilikuwa na dawa mfukoni.

Siku ya pili shuleni sikusikia neno. Kengele ya mwisho ilipogonga sikwenda nyumbani. Nilikata kulia, nikapita benki na duka la vifaa vya ofisi, nikafika mahakamani nikiwa natembea kwa kasi inayokaribia kukimbia.

Masijala ilinuka karatasi za zamani na wino. Mama alikuwa nyuma ya dirisha lake, na kwenye meza yake, chini ya muhuri, niliona bahasha nyeupe imefungwa. Kando yake kulikuwa na kigari kimejaa majalada yaliyorudishwa, yote shaghalabaghala. Alikuwa akiyapanga. Mikono yake ilichagua jalada moja kutoka katikati ya rundo, ikaliweka rafuni, ikachukua jingine upande mwingine kabisa, wala hakuonekana kufikiri.

"Kiwingu? Kuna nini nyumbani? Bibi yuko salama?"

"Yuko salama, mama. Ni mimi." Dirisha lilikuwa juu, kidevu changu kilifika ukingoni tu. "Zile alama za kijani si zako. Ni zangu. Ulipokuwa unachelewa nilikuwa najibu mimi. Siku saba. Na nilikudanganya kwamba maswali yalikuwa yanachelewa. Usipeleke barua, mama. Kichwa chako hakina kasoro."

Nyuma yangu kulikuwa na mtu anasubiri kuhudumiwa. Mama akamtazama, akanitazama, akasema kwa sauti ya kikazi, "Kaa kwenye benchi."

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini karibu saa nzima. Mawakili walipita na makoti yao. Mlinzi alinipa peremende nikaishika tu mkononi mpaka ikanata. Kila nilipochungulia nilimwona mama anagonga mihuri, uso wake hauniambii kitu. Heri angenipigia kelele tangu mwanzo tukamaliza.

Mwishowe alitoka, akakaa kando yangu. Bahasha ilikuwa mkononi.

"Mangapi?" aliuliza.

"Kumi na matatu."

"Na yale mekundu?"

"Mekundu... yalikuwa yako, mama."

Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini alipoinua uso alikuwa pia anacheka. "Kwa hiyo sijawa punguani," alisema. "Nilikuwa sijui tu." Akajifuta macho kwa ncha za vidole, na kicheko kikaisha. "Unajua usiku wa jana nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza nitamwambiaje baba yako akirudi safari kwamba mkewe anaanza kusahau mambo. Wewe ulikuwa chumba cha pili, unajua ukweli, na umenyamaza."

Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Wazo la mama akitafuta maneno ya kumwambia lilinichoma kuliko kofi.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Lakini kwanza utamwambia mwalimu. Wewe, kwa mdomo wako, mbele ya darasa." Akaichana bahasha mara mbili, akatupa vipande kwenye pipa la karatasi.

Jioni hiyo nilikaa mbele ya kamera, nyuso ishirini na nne za kundi lake la kwanza zikinitazama katika vidirisha vyao. Bibi alikuwa amevaa kilemba. Nilivuta pumzi, nikasema yote tangu Jumanne ya kwanza hadi mwisho. Nilisema jinsi nilivyobonyeza, jinsi nilivyodanganya, jinsi mama alivyotaka kujitoa. Nilipomaliza, machozi yakinidondoka, nikasubiri hukumu. Nyuso zote zilikuwa tuli. Kisha Mwalimu Mnanisikia akasogea karibu na kioo.

"Binti," alisema kwa upole, "hatukusikii. Washa kipaza sauti."

Nikakiwasha. Nikaanza upya. Nawaambia ukweli, mara ya kwanza ilikuwa ngumu, lakini ya pili ndiyo iliyoniingia, kwa sababu safari hii nilijisikiliza.

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Na mimi nina sehemu yangu," alisema mwishowe. "Niliangalia rangi, sikumwangalia mtu. Lakini sheria ya darasa ni moja. Siku hizo saba mama yako hakuwepo, na ukiongeza tatu za mwanzo ni kumi. Siwezi kuzifuta. Kiti chake nawajibika kumpa mwingine."

Nilidhani kusema kweli kungerudisha kila kitu mahali pake.

"Sheria naielewa," mama alisema. Mkono wake ulikuwa begani kwangu.

"Anaweza kubaki kama msikilizaji katika kundi la msingi," mwalimu akaendelea. "Atasikia kila kitu. Ila hataweza kuuliza wala kujibu, na hakuna alama zitakazowaka. Mtihani bado ni wake. Zimebaki siku kumi na mbili."

Ndivyo tulivyoanza siku zile kumi na mbili, na nikizikumbuka sasa naziona kama ndoto ndefu ya jioni moja isiyokatika. Mama aliomba ruhusa kazini: Jumanne na Alhamisi angeondoka mapema, naye angefika alfajiri kupanga majalada ya jana. Alifika darasani kabla ya swali la kwanza. Kwa kuwa hakuna alama iliyowaka kwa ajili yake, alijisahihisha mwenyewe daftarini kwa kalamu nyekundu, na nyekundu ilikuwa nyingi.

Mimi nilipewa kazi moja. Darasa likiisha nilimsomea maswali kwa sauti, kisha ninyamaze. Ninyamaze kabisa, nisitabasamu wala nisikohoe. Sijawahi kufanya kazi nzito kama ile. Nilimwona mpiga tarumbeta amesimama wazi kabisa mahali pake, na mama anampeleka kwingine. Niliuma ulimi. Bibi akanishika kidevu akanigeuza uso upande wa ukuta, kwa maana alisema macho yangu yana mdomo.

Siku ya nne mama alitupa kalamu mezani. "Mistari hii hainipi kitu!" Akatazama mikono yake. Kisha akaenda kwenye mkoba wake akatoa makava ya majalada yaliyochakaa, aliyopewa kazini ili nichoree. Akayakata vipande, kila kipande akaandika jina: mshonaji, rubani, mtunza bustani. Akavisimamisha juu ya meza vikiegemea ukuta, vimepangwa kama majalada rafuni.

"Hebu soma tena."

Nikasoma. Mikono yake ikachukua kipande cha rubani kwanza, ikakiweka mwisho.

"Kwa nini huyo kwanza?" bibi aliuliza. Mimi sikuruhusiwa kuuliza.

"Kwa sababu huyu hana hiari," mama alisema taratibu, kama anayejisikiliza akisema. "Ana mahali pamoja tu. Kigari kikija kazini sianzi na jalada la juu. Naanza na lile lenye mahali pamoja. Ukishaliweka, mengine yanapungukiwa nafasi yenyewe." Akaweka mshonaji, akaweka mtunza bustani, akarudi nyuma kuvitazama. "Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii. Hakuna aliyeniambia kwamba ndiyo hii."

Tulisahihisha. Jibu lilikuwa sahihi. Hakukuwa na alama ya kuwaka, wala mwalimu wa kusema vizuri sana. Bibi ndiye aliyepiga kigelegele, na majirani wakabisha hodi kuuliza nani anaolewa.

Siku ya mtihani mama aliondoka asubuhi na kalamu nne. Ndani ya chumba cha mtihani vipande vya makava havikuruhusiwa, lakini alisema mikono yake ilikuwa imeshajifunza kuvipanga hewani, na msimamizi alimkodolea macho muda wote.

Majibu yalitoka baada ya wiki sita. Mama hakuyafungua mpaka tulipokaa wote watatu mezani. Alisoma kimya, mkono mmoja mdomoni, kisha akanisogezea karatasi nisome mwenyewe. Alikuwa amepata nafasi chuoni. Chini yake kulikuwa na mchanganuo: kusoma, kumi na saba kati ya ishirini, kupima hoja, kumi na sita, kupanga, kumi na nne.

Bibi alishaanza kulia na kukimbilia kilemba. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye ile kumi na nne. Nilijua ningekuwa mimi ningepata kumi na tisa, na nadhani uso wangu ulisema hivyo, kwa maana mama aliweka kidole juu ya ile tarakimu.

"Unaona sita nilizokosa?" alisema. "Nazipenda kuliko zile kumi na tatu ulizonipatia. Zile zilinifanya nionekane najua, nikabaki sijui, halafu nikajichukia bila kosa. Ulitaka kunisaidia, mwanangu, nalijua hilo. Lakini mtu ukimfanyia kazi yake kwa siri, unamnyang'anya hata makosa yake, na yeye kwa makosa hayo ndipo angejifunza. Ukiona mtu wako anashindwa, mwambie, kaa naye, msubiri. Na ukimdanganya, usimwache alale na uongo wako hata siku moja."

"Ndiyo, mama," nilisema.

Jumatatu ya kwanza ya muhula alitoka kazini akaenda moja kwa moja chuoni, darasa la kweli lenye madawati na ubao. Sikuwa na kompyuta ya kuandaa. Niliketi mezani na daftari langu la hesabu, nikafanya maswali kumi, nikajisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikakuta nimekosa manne, nikayaacha hivyo hivyo ili mama akirudi ayaone.